Mwenye Kukimbia Ajue na Kusimama



Mtume Paulo alipowaandikia Wakristo wa Korinto aliwapa mfano wa wakimbiaji uwanjani. Mfano huo hakuuokota hewani. Karibu na mji wa Korinto, mahali paitwapo Isthmia, ilifanyika michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na wenyeji wa mji ule walijua vema maana ya kujinyima, kufanya mazoezi na kugombea taji la majani linalonyauka baada ya siku chache. Mtume hakuona aibu kuingia katika uwanja wa michezo ili atafute humo lugha ya kuwaelezea watu mambo ya Mungu.

Nami leo naomba ruhusa yenu niingie katika uwanja mwingine, ambao pengine wengi wenu hamjapata kusikia habari zake. Ni uwanja wa mbio za magari za vijana wa California, huko Marekani, mbio ambazo wenyewe huziita dragi. Magari mawili husimama sambamba, hupewa ishara, kisha hukimbia kwa mstari mnyoofu, bila kona wala kilima, mpaka mwisho wa mita 402. Basi. Mbio nzima huisha kabla mtu hajamaliza kusali Salamu Maria moja. Hata hivyo, wazee wa huko waliokuwa vijana katika miaka ya 1940 na 1950 walizikumbuka mbio hizo kwa kicheko na kwa machozi mpaka uzeeni.

Mtaniuliza: Padri, moshi na injini vina uhusiano gani na wokovu wa roho zetu? Nisikilizeni kwa subira. Swali lililowasumbua watu wa California wakati ule ndilo linalowakosesha usingizi wazazi na makatekista wengi: kijana mwenye moto ndani mwake, tumfanyeje? Tumzimie moto huo? Au tumwache nao, hata kama utaunguza nyumba?

Mwaka 1932 kampuni ya Ford ilitoa gari lenye injini ya silinda 8 zilizopangwa kwa umbo la herufi V. Kabla ya hapo injini ya namna hiyo ilikuwa hasa mali ya magari ya wakubwa. Hii ilikuwa na nguvu za farasi 65, na bei yake mtu wa kawaida aliweza kuimudu. Miaka michache ikapita, magari hayo yakachakaa, yakauzwa kwa bei ya chini, yakaangukia mikononi mwa vijana. Miongoni mwa waliyoyapenda ni yale madogo ya milango miwili, yenye paa la chuma na kiti kimoja tu cha mbele. Jina la gari la aina hiyo limetoka katika Kifaransa, na masikioni mwetu husikika kama kupe; lakini msidhani ni yule mdudu anayewanyonya ng'ombe wetu.

Kijana akishalipata gari hilo alilivua. Aliondoa madigadi, aliondoa bampa, mara nyingi hata boneti. Alikata nguzo za paa akalishusha chini ili upepo usilizuie. Palipokuwa na kabureta moja alifunga mbili au tatu. Vipuri alivitafuta katika vyuma chakavu, na kile asichokipata alikichonga kwa mikono yake. Kila kilicho kizito na kisicho na kazi kilitupwa. Ndugu zangu, Waraka kwa Waebrania unafundisha jambo lililo karibu na hilo kuhusu safari yetu ya imani: apendaye kufika hana budi kwanza kutua mizigo.

Mahali pa kujaribia magari hayo palikuwa jangwa la Mojave. Huko kuna maziwa yaliyokauka, kama Muroc na El Mirage, ambayo udongo wake wakati wa kiangazi huwa mgumu na sawasawa kama sakafu. Vijana waliendesha usiku kucha kutoka Los Angeles ili wafike alfajiri. Mwaka 1937 vilabu vyao viliungana vikaunda chama cha kupima muda, kwa kifupi SCTA, ili mwendo wa kila gari upimwe kwa saa ya haki, si kwa majigambo ya mwenyewe.

Kisha ikaja Vita Kuu ya Pili. Eneo la Muroc likawa kituo cha ndege za kijeshi. Vita vilipokwisha mwaka 1945, maelfu ya vijana walirudi nyumbani, wengi wao wakiwa wamejifunza ufundi wa mitambo jeshini. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na fedha kidogo, na walikuwa na moto. Kwa kuwa jangwa lilikuwa mbali, wengine walianza kushindana usiku katika barabara za watu, kutoka taa moja ya barabarani hadi nyingine. Watu walikufa. Walikufa waendeshaji, na walikufa pia wapita njia wasiokuwa na hatia. Magazeti yakapiga kelele, wazazi wakalia, na wakubwa wa serikali wakataka magari hayo yapigwe marufuku kabisa.

Wapendwa, tutazame hapa kwa makini. Mbele ya jamii ile palikuwa na njia mbili tu zilizoonekana wazi: kukataza, au kufumba macho. Walikuwapo watu wachache walioiona njia ya tatu.

Mwaka 1950, huko Santa Ana, C. J. Hart na wenzake waliomba kutumia njia ya kurukia ndege ya kiwanja kidogo cha ndege, wakaandaa mbio kwa utaratibu, tena siku ya Dominika. Mwaka 1951 Wally Parks, ambaye mwenyewe alikuwa ameonja mbio za jangwani, alianzisha chama cha taifa kiitwacho NHRA, kwa shabaha ya kuyatoa mashindano barabarani na kuyawekea kanuni. Mwezi Aprili 1953 chama hicho kiliendesha mbio zake rasmi za kwanza katika mji wa Pomona, kwenye eneo la kuegeshea magari la uwanja wa maonyesho. Na nani alikuwa mstari wa mbele katika kuwasaidia vijana wa Pomona? Polisi! Sajini mmoja wa polisi wa mji huo, Bud Coons, badala ya kuishia kuwafukuza vijana barabarani, alikaa nao akawasikiliza.

Mwaka 1954 Bud Coons huyo na wenzake watatu walipanda gari moja lenye tela nyuma, wakazunguka Marekani mji kwa mji, wakiwafundisha watu namna ya kuendesha mbio kwa usalama. Na safari hiyo wakaipa jina gani? Waliiita Safari. Naam, neno letu lilelile, lililokwisha vuka bahari na kuingia katika Kiingereza. Mpaka leo kikosi cha usalama cha chama hicho kinaitwa kwa jina hilo la Safari. Nilipofahamu habari hii nilifurahi sana, maana watu hao hawakukaa ofisini kutoa matamko. Walisafiri, wakawaendea vijana mahali walipo.

Mtakatifu Thoma wa Akwino anatufundisha kwamba neema ya Mungu haiji kuyabomoa maumbile yetu, bali kuyakamilisha. Kupenda mwendo si dhambi. Kupenda kushindana, kupenda kutengeneza kitu kwa mikono yako na kukiona kinanguruma, si dhambi. Hizo ni nguvu ambazo Muumba alizitia ndani ya kijana. Dhambi huingia pale nguvu hizo zinapokosa mahali, zinapokosa kanuni, na zinapokosa breki. Tuyatazame mambo hayo matatu.

Kwanza, mahali. Uwanja wa Pomona haukubadili injini hata moja. Gari lililoua mtu barabarani usiku lingeweza kukimbia pale mchana bila kumdhuru yeyote. Kilichobadilika ni mahali, na kwa sababu hiyo maana ya mwendo wenyewe ikabadilika. Mtakatifu Yohane Bosko aliifahamu siri hii katika karne ya 19, kule Torino. Vijana wa mitaani aliowakusanya hakuwapa katekisimu peke yake. Aliwapa na uwanja wa kuchezea, naye akacheza pamoja nao. Mzazi anayemwambia mwanawe "Acha!" amesema nusu ya neno. Nusu iliyobaki ni "Njoo hapa."

Pili, ukaguzi na kanuni. Katika uwanja wa dragi gari haliingii kwenye mstari kabla ya kukaguliwa. Mkaguzi hutazama breki, hutazama mkanda, hutazama kofia ya chuma na mabomba ya mafuta. Akiona kasoro, gari hurudishwa, hata kama ni la bingwa.

Miaka kadhaa iliyopita nilitumwa kusaidia huduma za kichungaji kwa miezi miwili katika parokia moja ya kusini mwa California. Mzee mmoja wa parokia ile alinipeleka katika banda lake, akafunua turubai, nikaona gari dogo jeusi la milango miwili, la mwaka 1934, alilolitengeneza akiwa na umri wa miaka 17. Alinisimulia harufu ya mafuta, vumbi, na jinsi mama yake alivyokuwa akisali rozari kila Jumamosi usiku kabla ya mbio. Kisha akaniambia, "Padri, mbio hazikunifundisha kwenda kasi. Kwenda kasi nilizaliwa nako. Zilinifundisha kukubali kukaguliwa." Akaongeza kwamba rafiki yake wa utotoni, fundi hodari kumliko yeye, hakupenda mtu kulitazama gari lake. Yeye alibaki barabarani, na barabarani akafia, akiwa na miaka 19.

Ndugu, Kanisa nalo lina mahali pa ukaguzi. Kila jioni tunahimizwa kutafiti dhamiri, na mara kwa mara tunapiga magoti katika kitubio. Wako wanaodhani kwamba hayo ni mambo ya watu dhaifu. La hasha! Ni mambo ya watu wanaokusudia kukimbia kweli. Gari lililowekwa chini ya turubai halihitaji mkaguzi.

Kanuni nayo ilikuwa na alama yake. Zamani aliyeanzisha mbio alikuwa mtu mwenye bendera, na ugomvi juu ya nani aliwahi kuondoka haukukosekana. Mwaka 1963 pakaanza kutumika mnara wa taa, za manjano na za kijani, ambao kwa jinsi unavyong'aa waliuita Mti wa Krismasi. Anayeondoka kabla ya taa ya kijani huwakiwa na taa nyekundu, na mbio zake zimekwisha hapohapo, hata kama gari lake ndilo lenye mbio kuliko yote. Wazee wetu walisema haraka haraka haina baraka. Wangapi katika vijana wetu wameshindwa maisha, si kwa kukosa nguvu, bali kwa kuondoka kabla ya wakati: katika mapenzi, katika fedha, katika kutaka ukubwa?

Tatu, kusimama. Hili ndilo lililonigusa kuliko yote. Mtu asiyefahamu hudhani uwanja wa dragi una urefu wa mita 402. Sivyo. Mbele ya mstari wa mwisho kuna sehemu ya kusimamia, na katika viwanja vilivyojengwa vizuri sehemu hiyo ni ndefu kuliko ile ya kukimbilia. Magari ya leo ya daraja la juu hupita kilomita 530 kwa saa, na breki peke yake haziyatoshi. Hufungua miavuli nyuma yake, kama askari arukaye kutoka katika ndege. Anayejenga mahali pa kukimbilia akasahau mahali pa kusimamia amejenga kaburi.

Mwezi Juni 2008, katika uwanja wa Englishtown, New Jersey, Scott Kalitta, bingwa wa miaka ya 1994 na 1995, alipasukiwa na injini alipokuwa akikaribia mwisho wa mbio. Miavuli haikumsaidia, gari halikupungua mwendo ipasavyo, likapita sehemu ya kusimamia, naye akafariki dunia akiwa na miaka 46. Haukupita muda mrefu, chama kilipunguza urefu wa mbio za magari yenye mwendo wa juu kabisa, kutoka mita 402 hadi mita 305, ili sehemu ya kusimamia iongezeke. Wako waliosikitika kwamba desturi ya zaidi ya nusu karne imevunjwa. Lakini desturi iliwekwa kwa ajili ya mwanadamu, si mwanadamu kwa ajili ya desturi.

Nisiwafiche ukweli: uwanja na kanuni havikuondoa hatari yote. Tarehe 8 Machi 1970, katika uwanja wa Lions karibu na Long Beach, gia boksi ya gari la Don Garlits ililipuka wakati wa kuondoka, ikamkata sehemu ya mguu wa kulia. Mtazamaji mmoja naye aliumizwa vibaya. Wakati huo dereva aliketi nyuma ya injini, na kila kilichopasuka kilimwelekea yeye. Garlits, akiwa bado anauguza mguu, aliwaza upya gari lake: akaiweka injini nyuma ya dereva. Wengine walikuwa wamejaribu kabla yake bila kufaulu sana, na wengi hawakuliamini wazo hilo. Mwaka 1971 alishinda nalo huko Pomona, na kabla ya miaka mingi kupita karibu kila mshindani alikuwa amefuata mpango huo. Jeraha la mtu mmoja likawa kinga ya wengi. Sisi tunaoutazama Msalaba tunaijua lugha hiyo.

Tena, yuko kijana wa mji wa Modesto, California, aliyetaka kuwa dereva wa mashindano. Mwezi Juni 1962, siku chache kabla ya kumaliza shule, gari lake dogo liligongwa, likabiringika na kuuvaa mti. Mkanda wake, ambao ungepaswa kumshika, ulikatika akarushwa nje, na hivyo akapona. Kijana huyo ni George Lucas. Aliacha mbio, akaenda kusoma, akawa mtengenezaji wa filamu. Mwaka 1973 alitoa filamu ya kumbukumbu za ujana ule, American Graffiti, ambamo gari la njano la milango miwili, Ford ya mwaka 1932, linakimbizana alfajiri nje ya mji. Moto wa kijana yule haukuzimwa na ajali. Ulipata njia nyingine. Si kila ajali humwachia mtu nafasi ya pili. Ndiyo maana tunapaswa kusema na watoto wetu mapema, samaki angali mbichi.

Wapendwa wazazi, na ninyi makatekista wangu mnaobeba mzigo huu pamoja nasi mapadre: sisi nasi tunao vijana wenye moto. Mnawaona juu ya pikipiki zao, abiria wawili nyuma, kichwa bila kofia, wakishindana njia panda. Tumewazika baadhi yao, na mama zao tumewashika mkono penye kaburi. Je, mara ya mwisho kuwasemesha ilikuwa lini, mbali na kuwagombeza? Nani katika jumuiya yetu ndogo ndogo aliye fundi, awezaye kuwafundisha kutunza breki kabla ya kupamba taa? Nani kati yetu atakuwa kama yule sajini wa Pomona, mwenye mamlaka ya kufukuza, naye akachagua kukaa na kusikiliza? Kijana anayekimbiza pikipiki katikati ya watu anamjaribu Mungu, kama Shetani alivyomshauri Bwana wetu ajitupe kutoka mnara wa hekalu. Lakini nasi tunaomlaumu tu bila kumwonyesha mahali pengine, tunaye mwenzetu katika mfano wa Msamaria Mwema: yule aliyeona, akapita kando.

Ujana ni moshi, ukienda haurudi. Basi usiende bure. Upewe mahali, ukubali kukaguliwa, ujue kusimama.

Na kuhusu kusimama, Mungu mwenyewe ametuwekea mahali pake. Baada ya kazi ya siku sita alipumzika, akatuamuru nasi tupumzike. Dominika hii ya leo si siku iliyopotea katika mbio za juma. Ni ile sehemu ndefu iliyo mbele ya mstari, ambapo mwavuli hufunguka nyuma yetu, mwendo hupungua, na mtu huweza tena kusikia sauti ya mkewe, ya mumewe, ya watoto wake, na ya Mungu wake. Asiyesimama kwa hiari yake juma kwa juma, siku moja atasimamishwa na ukuta.

Mwenyezi Mungu awalinde vijana wetu walioko njiani saa hii, awape pumziko la milele waliofia barabarani, na atujalie sisi sote kumaliza mbio zetu salama mikononi mwake. Nawatakieni Dominika njema. Tumsifu Yesu Kristo.